Kahawa ipimwe kwanza, pandas itasubiri

Msimu wa kahawa uliopita nilikuwa nikitunza programu ndogo ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) niliyokiandikia chama kimoja cha ushirika cha msingi huko Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania. Mkulima anapoleta kahawa yake, karani huweka gunia kwenye mizani, huingiza namba ya mkulima pamoja na kilo, na programu huchapa stakabadhi. Kompyuta ya ofisi ilikuwa ya zamani, na kila umeme ulipokatika ilibidi kuanza upya huku foleni ikirefuka hadi barazani. Asubuhi moja ya Julai, wakati dirisha la programu likichelewa kufunguka, mzee mmoja aliyejifunika koti zito aliniuliza, "Mwanangu, na hiyo mashine yako nayo inasikia baridi?"

Mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Juu kabisa ya faili nilikuwa nimeandika mistari ya kupakia pandas na matplotlib, maktaba mbili nzito za msimbo ulioandikwa tayari, ya kwanza ya kuchambua majedwali na ya pili ya kuchora grafu, ambazo zilihitajika kwa taarifa ya malipo na mchoro wake tu, kazi inayofanyika mara chache katika msimu mzima. Python inapokutana na import, amri ya kupakia, hutafuta moduli iliyotajwa (faili au fungu la msimbo) na kuitekeleza yote papo hapo, pamoja na moduli nyingine zote inazozihitaji. Kwa hiyo karani aliyetaka stakabadhi moja alilazimika kusubiri vifaa vya kuchorea grafu.

Dawa niliijua kwa kusikia: hamisha import kutoka juu ya faili uiweke ndani ya fankisheni (kipande cha programu chenye kazi yake maalumu) inayoitumia. Wengi huogopa kwamba moduli itapakiwa upya kila fankisheni inapoitwa, lakini sivyo, kwa sababu Python huihifadhi kwenye sys.modules, orodha yake ya moduli zilizokwisha kupakiwa, baada ya mara ya kwanza, na safari zinazofuata huichukua humo tu. Nilichokosea ni kuanza kwa kubahatisha. Nilihamisha hata json na datetime, moduli ndogo zinazokuja na Python yenyewe, nikaichafua faili nzima, na programu ikaendelea kujikokota vilevile.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo ningemshauri mtu alifanye kabla ya kugusa mstari wowote: niliendesha programu kwa python -X importtime, swichi iliyopo tangu toleo la 3.7. Huonyesha kila moduli kwa namba mbili za maikrosekunde, ya kwanza ikiwa muda wa moduli yenyewe, ya pili ikiwa jumla pamoja na zile ilizozivuta. Itazame zaidi hiyo ya pili. Kwangu ilifichua kwamba pandas ilikuwa bado inapakiwa mwanzoni, kwa sababu faili nyingine ndogo ya kusafisha majina ya wakulima nayo ilikuwa ikiiita pale juu. Mstari mmoja uliosahaulika hubatilisha kazi yote. Nilipouondoa, dirisha likaanza kufunguka kabla karani hajamaliza kukaa vizuri, nami nikarudisha json na datetime mahali pake.

Hapo ningeweza kujisifu, lakini siku ya malipo ikafika. Wiki moja kabla yake fundi alikuwa ameisafisha kompyuta na kuweka Python upya bila matplotlib, na kwa kuwa sasa programu haikuihitaji ili kuanza, hakuna aliyegundua. Ilipima kahawa wiki nzima bila tatizo, kisha mchana wa malipo, wakulima wakiwa wamejaa uani, karani akabonyeza kitufe cha taarifa na kupokea ModuleNotFoundError, ujumbe wa kosa kwamba moduli haikupatikana. Kabla sijaahirisha upakiaji, kosa hilo lingejitokeza asubuhi ile ile ya kwanza, wakati bado kuna nafasi ya kulirekebisha. Kuahirisha hakufuti gharama wala hitilafu, huvihamishia saa nyingine, na saa hiyo huichagui wewe.

Tangu siku hiyo programu inapoanza hukagua kwa importlib.util.find_spec kama pandas na matplotlib zipo, na ikikosekana mojawapo humwonya karani mapema. Ukaguzi huo ni mwepesi kwa sababu hutafuta moduli bila kuitekeleza, ingawa hauwezi kukuhakikishia kwamba moduli haijaharibika, na ukiupa jina lenye nukta, kama matplotlib.pyplot, utapakia kwanza kifurushi mama. Upe jina la juu tu. Vilevile usiahirishe moduli ambayo kupakiwa kwake ndiyo kazi yenyewe, kwa mfano ile inayojisajili kwenye orodha ya programu inapotekelezwa; hiyo ikichelewa, orodha hubaki tupu na hakuna kosa lolote linaloonekana.

Lugha yenyewe imekuwa ikilitafutia jambo hili njia. Pendekezo la PEP 690 (PEP ni hati rasmi ya kupendekeza mabadiliko ya Python), lililotaka swichi moja ya kuahirisha moduli za programu nzima, lilikataliwa mwaka 2022. PEP 810, lililokubaliwa mwaka 2025 kwa ajili ya toleo la 3.15, linampa mwandishi neno lazy la kuweka mbele ya import moja moja, palepale juu ya faili. Napenda zaidi njia hii, kwa kuwa anayesoma faili huona mara moja kipi kimeahirishwa. Hata hivyo moduli inayokosekana bado italalamika pale inapotumiwa mara ya kwanza, kwa hiyo hata siku kompyuta ya Mbozi itakapopata toleo hilo, ukaguzi wa asubuhi sitauondoa.