Mume wangu anazima kipaji changu, nirudi kwetu?

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Tanga na mume wangu, fundi seremala, na watoto wetu wawili. Napenda sana kupiga picha kwa simu na kukusanya maneno ya busara. Kwa siku naweka statasi kumi na tano mpaka ishirini. Mume wangu haniungi mkono. Nilimwomba kamera ya shilingi milioni 1.8, akasema ada ya watoto kwanza. Nikipiga picha chakula, ananung'unika kimepoa. Juzi aliingia na vumbi lake la mbao akaichafua meza niliyoipanga kwa picha, tukagombana. Shoga yangu mumewe kamnunulia mpaka stendi ya simu. Sasa nimeishiwa kabisa, kila kitu nakiona cha kawaida. Nataka nirudi kwetu Muheza nikatulize akili. Nimeambatanisha picha nne uone kazi yangu. – Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Kuishiwa mawazo katika kitu unachokipenda kunauma, nakupa pole. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama upande wa mume wako.

Tuanze na hiyo meza. Mume alikuwa anaingia wapi? Kwake, katoka kazini, ana njaa. Hukuandika kama ulimpa maji ya kunawa, wala kama alikula. Umeandika habari za meza tu. Na chakula anachokilalamikia kweli kimepoa, ushahidi umeuleta mwenyewe: picha ya pili mchuzi umeshafunga utando juu.

Kamera usinunue. Picha zako nne zote zimepigwa usiku chini ya taa ya jikoni, na zina ukungu kwa sababu kioo cha lenzi kimejaa mafuta ya vidole. Kamera ya milioni 1.8 ikishikwa hivyo hivyo italeta ukungu ule ule. Futa lenzi kwa kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa ikalainika, si kwa pindo la gauni la kupikia. Pika cha mchana, zima taa, weka sahani hatua moja kutoka mlangoni au dirishani, mwanga uingie kwa ubavuni. Taa ya manjano ikichanganyika na mwanga wa nje, wali unatoka rangi mbili. Upande wenye kivuli simamisha karatasi nyeupe ya manila iurudishe mwanga. Gusa kioo cha simu juu ya chakula, shikilia kidole mpaka ijifunge hapo, kisha kiteremshe kidogo kupunguza mwanga, maana weupe wa wali ukishaungua kwenye picha haurudi. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Ukitaka mvuke uonekane, mwanga utokee nyuma ya sahani kwa pembeni, na ukuta wa nyuma uwe na giza. Picha tatu, dakika mbili, mwenye nyumba ale.

Nje, saa sita mchana kwetu huku jua liko utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Piga kuanzia saa 12 na nusu mpaka saa 2 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni mpaka jua lizame.

Sasa maneno yako. Statasi ishirini zinafutika baada ya saa 24, na nina hakika wewe unazisahau kabla hazijafutika. Lile neno la hofu yetu kuu, kwamba tuna nguvu kupita kiasi, uliloliandika juu ya picha ya tatu na jina la Mandela, 1994, Mandela hakulisema siku ya kuapishwa kuwa rais. Ni la mwandishi wa Marekani, Marianne Williamson, na lilitoka kitabuni mwake 1992. Ukiokota neno bila kujua limezaliwa wapi, litakupa nini?

Na wewe ni mtoto wa pwani! Fungua kabati, toa doti zako. Kila kanga ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, na jina hilo mtu alilichagua dukani akimfikiria mtu. Chukua moja tu kwa siku. Liandike kwa kalamu kwenye daftari, na chini yake nani alikupa, lini, na ulikuwa katika hali gani. Kisha siku nzima tafuta picha moja inayolisema jina hilo bila kanga kuonekana. Wengi hukosea hapa, wanatafuta kitu kinachotajwa na neno badala ya hali yake. "Japo sipati tamaa sikati" inaweza kuwa ndala iliyoshonwa kwa waya mara ya tatu, imewekwa mlangoni, kisigino kimeliwa upande mmoja. Fanya hivyo siku saba, statasi moja kwa siku, ndipo uniambie kila kitu ni cha kawaida.

Nyinyi wa ndoa za siku hizi mmelichukua neno "kuungwa mkono" mkalitundikia bei. Asiyenunua hapendi. Mume anayeamka alfajiri kupiga randa ili watoto wasirudishwe nyumbani, huyo hayumo kwenye hesabu, kwa kuwa ada haipigwi picha. Ya shoga yako na stendi yake mwachie mwenyewe. Kanga zimeshakwambia: usisafirie nyota ya mwenzio. Ndani ya stendi ile hujui kuna deni la nani.

Muheza nenda ukawasalimie wazee, Jumamosi na Jumapili, urudi na machungwa. Kurudi kwenu kwa sababu ya vumbi, hapana.

Vumbi lenyewe ndilo picha uliyoikosa. Asubuhi ya saa 2 nenda bandani kwa mume wako. Kabla hujatoa simu, muombe radhi ya ile meza, kisha umuombe ruhusa. Usimpange, mwache afanye kazi. Simama mahali mwanga wa mlango unapomwangaza kwa ubavu na nyuma yake pana giza, hapo vumbi litaonekana likielea. Flashi izimwe, maana itaangaza chembe zilizo karibu na lenzi na kukuletea madoa meupe. Ngoja randa ipite juu ya mninga, uone randa moja, lile ganda la mbao, linavyopanda mdomoni mwa chuma likijikunja, jembamba mpaka mwanga unapenya, linaangukia kwenye vidole vyake. Piga vidole hivyo. Na chai umpelekee ikiwa bado ya moto.