Mrudishieni Sindbad biashara yake

Swali lenu la wiki liliuliza ni filamu gani ya zamani, iliyotokana na hadithi za kale, ingefaa kutengenezwa upya, na ni kipi kibadilishwe ndani yake. Jibu langu ni The 7th Voyage of Sinbad, iliyotolewa Marekani mwaka 1958 na kuongozwa na Nathan Juran, na cha kubadilishwa ni Sindbad mwenyewe.

Vioja vyake visiguswe. Ray Harryhausen, fundi wa vioja hivyo, alivisogeza kwa mkono, kidogo kidogo, vinyago vilivyokuwa na viungo vya chuma ndani, akipiga picha moja baada ya nyingine, na kila sekunde ya filamu huhitaji picha 24. Katika pambano la upanga kati ya Sindbad na kiunzi cha mifupa, mwigizaji Kerwin Mathews alifanya mazoezi na mwalimu wa upanga, kisha mbele ya kamera akapigana na hewa tupu, adui yake akaja kuongezwa baadaye. Bernard Herrmann alilitungia pambano hilo muziki wa zailofoni, ala ya vipande vya mbao vinavyogongwa, unaogonga kama mfupa kwa mfupa. Kazi hiyo ya subira bado inanishangaza, na ningesikitika kuona kompyuta ikiifuta.

Hadithi yenyewe, ya safari saba za Sindbad katika Alfu Lela Ulela, ndiyo iliyopunjwa. Jina linataja safari ya saba, ilhali jitu linalokula mabaharia linatoka safari ya tatu, na yai la rukh, ndege mkubwa mno wa hadithi, linalovunjwa na mabaharia linatoka safari ya tano. Mchanganyiko huo naukubali, kwa kuwa wasimulizi wa hadithi hizo nao wamekuwa wakichanganya na kuongeza tangu kale. Nisichokubali ni kumwona Sindbad amegeuzwa nahodha shujaa anayesafiri kumwokoa binti mfalme Parisa, aliyerogwa na mchawi Sokurah akawa mdogo wa kuenea kiganjani. Sindbad wa hadithi ni mfanyabiashara wa Baghdad anayenunua bidhaa, anashuka Basra na kupanda chombo pamoja na wafanyabiashara wenzake. Hata baada ya chombo chake kuvunjwa na marukh katika safari hiyo ya tano, anajiinua kwa kukusanya nazi anazotupiwa na nyani, anaziuza, kisha anaendelea hadi kwenye visiwa vya pilipili manga. Kwa msomaji wa pwani ya Bahari ya Hindi, ambako majahazi yamekuwa yakingojea pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi, huyo ni mtu anayefahamika. Katika filamu, hazina ya jitu inawekwa tu chomboni na jini mtoto, bila mtu kuuza wala kununua chochote.

Aliyekosekana zaidi ni Sindbad wa pili, yule hamali maskini anayeutua mzigo wake nje ya nyumba ya tajiri na kulalamikia riziki isiyolingana, akaitwa ndani, akalishwa na kusimuliwa safari zote, huku kila siku akiondoka na mithkali 100 (kipimo cha kale cha uzito) za dhahabu. Safari zote saba zinasimuliwa ili kujibu malalamiko yake. Anayetaka kuitengeneza upya filamu hii aanze na hamali huyo mlangoni, jasho likimtoka, kabla hajatuonyesha jitu lolote.