Panya anajuaje ni sharubu lipi limeguswa?

Umeuliza kama sharubu lenyewe ndo linahisi, hapana mkuu, lile ni unywele tu halina neva hata moja, kazi iko kule kwenye mzizi chini ya ngozi ambako neva zimejazana, sharubu likipinda kidogo tu mzizi unatikisika na taarifa inaondoka. Inapita shina la ubongo, inavukia upande wa pili, inafika thalamasi (kituo cha kupokeza taarifa katikati ya ubongo), afu gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Sasa hapo ndo patamu: mwaka 1970 wanasayansi Woolsey na Van der Loos walikuta kwenye gamba la ubongo wa panya seli zimejipanga kama vipipa, kila sharubu na kipipa chake, na safu za vipipa zinafuata safu za masharubu pale usoni, yaani ramani kabisa! Ukiharibu mzizi wa sharubu panya akiwa na siku chache tu tangu azaliwe, kipipa chake hakijengeki vizuri. Na panya hasubiri aguswe, anayapepea masharubu mwenyewe mbele nyuma mara kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo ubongo unapiga hesabu pia ya sharubu lilikuwa limefika wapi lilipogonga kitu.