Kiwanda cha makaa cha Lamu kingeshusha bili ya stima?

SWALI: Injinia, shikamoo. Nina karakana ya kuchomelea huku Changamwe, tokeni zinanimaliza na stima inapotea kila mara. Watu wanasema kile kiwanda cha makaa ya mawe cha Lamu kingejengwa bili ingeshuka nusu na blakauti ziishe, ila serikali na wanaharakati ndio wametuchelewesha. Makaa si rahisi kuliko dizeli?

JIBU: Marahaba. Rahisi kuliko dizeli ndio, hapo sibishani na wewe. Shida yangu ni kwamba hili swali naletewa kila wiki na kila mtu anapiga hesabu ya makaa tu, mkataba hakuna anayeutaja.

Kiwanda kama kile kinalipwa mara mbili. Kuna pesa ya umeme uliotumika, halafu kuna kapasiti chaji, yaani pesa ya mitambo kukaa tayari, na hiyo inalipwa hata kama hakuna balbu hata moja iliyowashwa. Kwa Lamu ilikadiriwa karibu dola milioni 360 kwa mwaka, kwa miaka 25. Tena kwa dola! Ukisoma ile meseji ya tokeni utaona fuel, forex (gharama ya dola ikipanda), ushuru, lakini kapasiti chaji huioni manake imejificha ndani ya bei ya yuniti yenyewe, ndio maana watu wanadhani haipo. Na makaa yenyewe yangeanza kuletwa na meli kutoka Afrika Kusini huku ya Mui, Kitui yakisubiriwa, kwa hivyo shilingi ikianguka na ile forex kwa meseji inapanda.

Sasa huko kuchelewa. 2013 serikali ilitangaza megawati 5,000 za ziada kwa miezi 40, wakati ambapo nchi nzima kilele cha matumizi hakijafika 1,500. Viwanda vilivyotarajiwa kunywa huo umeme havikuja. Kufika 2019 kilele bado kilikuwa chini ya 2,000, na usiku wa manane matumizi yalishuka karibu nusu, mpaka mvuke wa Olkaria, ule wa chini ya ardhi unaozalisha umeme, ukawa unaachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Hapo ndipo ulete mitambo mitatu ya megawati 350 kila mmoja? Mmoja tu ukijizima saa nane usiku umeondoa karibu theluthi ya umeme wa nchi kwa mpigo, na gridi inaanguka. Kwa hivyo mipango ya serikali yenyewe ikawa inasukuma tarehe mbele, halafu Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) likafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, 2020 benki ya China ICBC, iliyokuwa ikopeshe mradi, ikajitoa. Wanaharakati walifanya kazi yao, lakini hesabu ilishakataa kabla yao.

Na stima kupotea Changamwe haina uhusiano na Lamu. Hiyo ni transfoma iliyozidiwa na laini iliyochoka. Megawati elfu moja hazipiti kwenye jampa (kipande cha waya cha kuunganisha laini) iliyoungua. Mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari 2017 lakini laini haikuwa imefika, ikakaa pale bure na wenye mitambo wakalipwa faini.

Kinachoniudhi ni hawa wataalamu wa mtandaoni, wengine ndio hao hao wanauza vile vidude vya kuchomeka kwa soketi ati vinapunguza bili, ndani unakuta kapasita ndogo na taa ya kijani. Leo wamehamia nyuklia, juzi Uyombo kule Kilifi, sasa Siaya, na wimbo ni ule ule: megawati elfu, bili nusu. Mtu akikuletea hiyo hesabu, usimuulize mtambo una ukubwa gani. Muulize kapasiti chaji ni ngapi, ni kwa dola au kwa shilingi, na saa nane usiku nani atautumia huo umeme. Wengi hawarudi kujibu.