Mkato wa mwisho uwekee mpaka: ushauri kwa wanaochonga mapambo kwa CNC

Ukipita Mji Mkongwe wa Bagamoyo asubuhi, jua likiwa bado linapiga kwa ubavu, simama mbele ya mlango mmoja wa zamani utazame waridi lililochongwa kwenye mfaa, ule mti wa wima katikati ya mlango. Alama za patasi bado zinaonekana, na zote zinafuata petali: zinapanda nayo, zinapinda nayo, zinaishia pale ncha inapoishia. Halafu tazama maua mengi yanayotoka siku hizi kwenye mashine za CNC, zile zinazochonga kwa kuongozwa na kompyuta. Mistari imenyooka toka upande huu wa ubao hadi ule, imepita juu ya ua kana kwamba ua halipo. Lawama ni yetu mafundi, maana tunaiachia programu itupangie njia ya mkato wa kumalizia, yaani pito la mwisho la kulainisha umbo.

Mimi nachonga mapambo ya milango, zaidi kwenye mninga na mtiki, na kama kuna jambo moja ningependa kila fundi alishike, ni kwamba biti ya kumalizia, kile kisu kinachozunguka, isiruhusiwe kutembea ubao mzima.

Piga hesabu nami. Una kizingiti cha juu cha milimita 1,200 kwa 300, chenye mawaridi matatu, kila moja kipenyo milimita 200. Biti yako ina ncha ya mviringo ya milimita 6, nafasi kati ya mstari na mstari ni nusu milimita, na mwendo ni milimita 2,400 kwa dakika. Ukiacha ipite ubao wote, itatembea mita 720, yaani saa 5 bila kuhesabu kugeuka. Ukichora kwenye programu mpaka kuzunguka mawaridi peke yake, biti isitoke nje yake, ni saa moja na dakika kama 20. Tena zile saa ulizookoa zilikuwa za kuharibu! Biti ya mviringo, pale chini kabisa kwenye ncha, haina kasi ya kukata hata spindo, mhimili unaoizungusha, ikizunguka vipi. Kwenye sehemu tambarare inasugua tu, mbao inaota manyoya, nawe unabaki na msasa mpaka jioni. Uwanda wa nyuma wa ua ni kazi ya biti bapa. Ipitishe mwisho, ili ifute alama zilizoachwa na biti ya mviringo pembezoni.

Mpaka wenyewe usiuchore sawasawa na ukingo wa ua. Utoe nje kwa nusu ya kipenyo cha biti na ziada kidogo. Kwa biti ya milimita 6, weka milimita 3 na nusu hivi. Bila hivyo biti haitafika kwenye shina la ukingo, na ua litabaki limevaa koti la mbao ghafi.

Sasa tuje kwenye matuta yale madogo yanayobaki kati ya mistari. Kwa biti hiyohiyo, nafasi ya milimita 1 inaacha tuta la karibu milimita 0.04. Ukipunguza nafasi iwe nusu milimita, tuta linashuka hadi karibu 0.01. Muda unakuwa mara mbili, lakini tuta linapungua mara nne. Ila hesabu hiyo ni ya mahali tambarare. Petali ikiwa na mteremko wa digrii 60 na mistari inaukata kwa upande, nafasi halisi juu ya mbao inakuwa mara mbili na tuta mara nne. Ndiyo maana unakuta ua moja lina ubavu laini na ubavu mwingine wenye ngazi. Wengi hupunguza nafasi kwenye ua zima, wakalipia muda bure. Mimi nazungushia ua njia ya duara kutoka katikati kwenda nje, iliyopimwa juu ya uso wa mbao wenyewe, si kwa kutazama kutoka juu. Kama programu yako haina njia hiyo, chora mpaka wa pili kwenye miteremko tu, upitishe mistari kwa pembe ya digrii 90 na ile ya kwanza.

Kwenye majani marefu na minyororo ya pembezoni, pitisha mistari kufuata nyuzi za mbao. Mtiki unaifanya biti iwe butu haraka, hivyo tumia ya karbaidi, ile ngumu kuliko chuma cha kawaida, na uikague kabla ya mkato huu.

Sifuri ya kimo, yaani pale mashine inapoanzia kupima juu na chini, ichukue kwenye meza ya mashine, usiichukue juu ya ubao. Uso wa juu utachongwa, na ukibadilisha biti huna tena pa kupimia. Tofauti ndogo tu itaonekana kama ngazi kati ya ua na uwanda.

Jambo jingine, kila waridi liwe na faili lake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unarudia ua moja, kizingiti kilichobaki hakiguswi. Na kabla ya kugusa mninga wa mteja, chonga petali moja kwenye kipande cha mabaki ya mninga huohuo, nyuzi zikielekea upande uleule, kisha kipake vanishi. Matuta ambayo kidole hakiyasikii, vanishi itayaonyesha.