Jibu: Kwa nini dawa za asili zinauzika sana mitandaoni?

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wananunua dawa za asili mitandaoni kuliko kwa mganga. Kikubwa ni ushuhuda. Video ya mtu anayesema "nilikunywa wiki moja tu, sukari ikashuka" inavuta watu kuliko maelezo yoyote, na mitandao husambaza kinachotazamwa, si kilichothibitishwa. Mganga angalau humwona mgonjwa na anaweza kumuuliza anatumia dawa gani nyingine. Muuzaji wa WhatsApp anauliza tu mzigo utumwe wapi. Hapo ndipo ninapoogopa. Baadhi ya dawa za "nguvu za kiume" zilipopimwa maabara zilikutwa na sildenafili (kiambato cha Viagra) isiyotajwa kwenye lebo. Ikikutana na dawa za moyo zenye nitrati, presha hushuka vibaya. Kabla hujalipa, muulize muuzaji jina la mmea, kipimo cha kutumia na namba ya usajili wa dawa. Akikwepa, achana naye.