Jibu: Mafua makali yanaweza kugusa moyo

Pole sana mkuu, na kaka mpe pole. Umeuliza kama mafua yaliyomlaza huko Makete yanaweza kuwa yamegusa moyo, maana kikohozi kimeisha lakini akipanda kilima kwenda shamba anahema na moyo unamwenda mbio. Ndiyo, inawezekana.

Virusi vikishambulia mapafu vibaya, oksijeni kwenye damu hupungua wakati huohuo moyo unalazimika kupiga kwa kasi. Kinga ya mwili nayo humwaga kemikali za kupambana, na hizo hazibaki kifuani tu. Zinasafiri na damu hadi kwenye msuli wa moyo na kuuvimbisha, hata kama kirusi chenyewe hakijafika humo. Damu pia huganda kirahisi zaidi. Utafiti wa Kanada uliotoka 2018 ulikuta hatari ya shambulio la moyo ikipanda kama mara sita ndani ya wiki moja baada ya kipimo kuthibitisha mafua makali (influenza).

Kwa hiyo msiishie duka la dawa. Teremkeni Mbeya, hospitali ya rufaa, apimwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Hadi apimwe, jembe aliweke chini kabisa, najua ni msimu wa viazi lakini nakuomba sana. Msuli uliovimba ukipewa kazi nzito, mapigo huvurugika na mtu anaweza kuanguka ghafla.

Miguu ikivimba, kifua kikibana, akizimia au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, msisubiri kuche. Mpelekeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo.